Ukurasa wa Simu ya Mkurugenzi

Wiki chache zilizopita nilirudisha funguo za chumba cha seva. Nikapewa keki, saa ya ukutani, na hotuba ambayo jina langu lilitamkwa vibaya mara zote lilipotajwa. Halafu vijana wa kitengo chetu wakaniomba niwaandikie kazi hii ilikuwaje tulipoianza. Vyeo na mishahara wataviulizia kwingine. Vyangu vilikuwa vifupi na havina mafunzo. Nitaandika juu ya jambo moja ambalo wao hulifanya kila siku bila kulifikiria: kujua ni kifaa gani kimekuja kuomba ukurasa, na kukipa ukurasa kitakaoweza kuusoma.

Mimi ni Musyoka, mzaliwa wa mtaa wa Jericho, Nairobi, mtoto wa dereva wa lori. Kabla ya kompyuta nilitengeneza taipureta. Nilikuwa fundi mzuri, na taipureta zilikuwa zinakufa, kwa hiyo miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni niliomba kazi katika kampuni ndogo ya intaneti iliyokuwa Industrial Area. Nilitarajia jengo la vioo. Nilikuta godauni lililobanwa kati ya kiwanda cha magodoro na kiwanda cha sabuni. Unga wa sabuni uliingia kila mahali. Mvua ikinyesha, paa letu lilitoa povu, na wateja wetu walidhani ni teknolojia.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mkuu wa ufundi, Madam Rahab. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kiambu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alitumia ujana wake wote kwenye mashine za teleksi. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Umetengeneza nini maishani?" akauliza.

"Taipureta, Madam."

"Vizuri. Basi unajua kwamba mtu akikuambia mashine imekufa, kwanza unaangalia kama ina karatasi."

Akanipa brashi ya kupakia rangi. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupangusa unga wa sabuni kwenye feni za kompyuta. Mkataba wangu ulisema mimi ni mhandisi wa mitandao.

Alipoona kwamba sivunji vitu, alinifundisha kusoma vichwa vya maombi. Kwa mgeni wa mambo haya nitaeleza kwa ufupi. Mtu anapofungua ukurasa, kompyuta yake hutuma ombi kwa seva, na juu ya ombi hilo huweka mistari michache ya kujitambulisha: mimi ni programu fulani, ninapokea aina hizi za faili, ninapendelea lugha hii. Mistari hiyo ndiyo kichwa. Aliyeketi mbele ya kioo haioni. Madam Rahab aliisoma kama alivyosoma vichwa vya teleksi zamani, kalamu ikiwa mdomoni, akijua mtumaji ni nani kabla hajaufikia ujumbe wenyewe. Wenzake wengine waliipita haraka kwenda kwenye mambo ya maana, yaani picha.

Na enzi hizo picha zilikuwa ugonjwa. Mteja wetu mkubwa lilikuwa shirika moja lililohusika na kugawa maji katika mitaa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi. Maji yalitolewa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Shirika lilitaka tovuti. Lingeweza kuweka ratiba ya zamu na kuishia hapo. Badala yake kamati yake iliomba maporomoko ya maji yanayotiririka kwenye skrini, na chini yake picha ya Mkurugenzi akitazama mbali. Ratiba yenyewe iliwekwa mwisho kabisa, nayo ikageuzwa kuwa picha, kwa sababu mchoraji wetu aliipenda sana herufi ya buluu yenye kivuli, na herufi hiyo haikuwepo kwenye kompyuta za watu. Madam Rahab alimtaka angalau aweke maneno kando ya kila picha, ya kuwasaidia wasioweza kuziona. Mchoraji alitii. Kando ya kila picha aliandika: picha.

Nilikuwa nikiishi Umoja, mmoja wa mitaa hiyo, wakati huo. Nilikuwa nikitoka nyumbani bila kuoga, nikifika kazini natengeneza maporomoko.

Kisha Mkurugenzi akasafiri ng'ambo kwenye mkutano, akarudi na simu. Ilikuwa kubwa na nzito, inafunguka kama kitabu, na ndani ina kioo chembamba na vitufe vidogo. Ilikuwa na uwezo wa kufungua kurasa za intaneti. Sijui kama Nairobi kulikuwa na nyingine ya aina ile. Yeye alikuwa na hakika hakuna. Aliifungua tovuti yake mwenyewe, akasubiri mpaka chai ikapoa, na mwisho ikatokea pembe ya juu ya maporomoko na sikio lake la kushoto.

Tuliitwa ofisini kwake siku hiyohiyo: meneja wetu, Madam Rahab na mimi niliyebeba nyaya. Meneja wetu alikuwa mtu mwema aliyeogopa wateja kuliko radi.

"Tovuti yenu hainitambui," Mkurugenzi alisema.

"Inakupasa uwe na kompyuta, bwana," meneja akaanza.

"Nina kitu bora kuliko kompyuta. Nataka nikiingia, ijue ni mimi."

Madam Rahab alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Haiwezi kujua ni wewe, bwana. Inaweza kujua ni simu yako."

"Kuna tofauti gani?" Mkurugenzi akauliza, na hapakuwa na mtu chumbani aliyelipwa kujibu swali hilo.

Kazi yenyewe, niwaambie ukweli, ilikuwa tamu. Tulimwomba aifungue tovuti tena, nasi tukavizia upande wa seva. Kichwa cha ombi lake kilipoingia, palikuwa na jina ambalo hatujawahi kuliona, jina la simu ile na namba ya toleo lake. Madam Rahab akaandika programu fupi: ombi likija na jina hili, usitume maporomoko, tuma ukurasa mdogo. Ukurasa huo tuliuandika kwa maneno matupu, tukiupima kwa kipande cha katoni tulichokikata sawa na kioo cha simu, kwa kuwa mwenye simu hakukubali kutuachia. Kila neno lililozidi katoni lilitolewa. Ilipotoka picha ya Mkurugenzi, ikatoka salamu yake, ikatoka dira na dhamira, kilichobaki kilikuwa mitaa na siku. Umoja, Jumanne. Donholm, Ijumaa. Na kuendelea.

Uzinduzi ulifanywa kwa sambusa. Simu ilipata mtandao ikiwa dirishani tu, kwa hiyo wageni wote walihamia dirishani. Mkurugenzi akabonyeza, akasubiri, akasoma kwa sauti: "Umoja, Jumanne. Donholm, Ijumaa." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wafanyakazi wawili wa shirika lenyewe, nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe iko ratiba?"

Baada ya hapo nilipewa jukumu la kuangalia kila asubuhi kama ukurasa mdogo unafanya kazi. Seva huandika kila ombi linaloingia, na mimi nilitafuta jina la simu. Mkurugenzi aliingia siku mbili tatu, kisha akatoweka. Lakini nilipokuwa namtafuta yeye nikaanza kumwona mtu mwingine. Kila asubuhi, mapema, lilikuja ombi lenye kichwa kifupi sana, la programu ya zamani isiyojua picha, inayosoma maandishi pekee. Liliomba ukurasa mkubwa, likapewa. Baada ya kitambo likauomba tena. Halafu kimya hadi kesho yake.

Nilimwonyesha Madam Rahab. Akaketi kwenye kompyuta kuukuu tuliyoitumia kuegemeza mlango, akaiwasha, akaufungua ukurasa mkubwa kwa programu ya aina ileile. Kioo kikatuonyesha alichokuwa akikiona mgeni wetu kila asubuhi:

picha
picha
picha
picha

"Huyu mtu anauliza maji yanakuja lini," alisema taratibu. "Na sisi kila siku tunamjibu hivi."

Laini ya intaneti aliyoingilia ilikuwa ya kampuni yetu, kwa hiyo haikuwa vigumu kumjua. Ilikuwa zahanati ndogo ya akina mama kujifungulia, huko Umoja, si mbali na nilipolala. Tulienda siku hiyo baada ya chakula cha mchana. Nje ya lango palikuwa na mistari ya mitungi ya plastiki na kijana wa mkokoteni ameketi juu ya tairi.

"Niaje wazee," alisema. "Mmekuja na maji ama mmekuja na maswali?"

Ndani tulimkuta Sista Wangari, muuguzi aliyeiendesha zahanati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Kompyuta yake ilikuwa msaada kutoka kanisa fulani, yenye kioo cha kijani na kelele kama ya cherehani. Madam Rahab akaeleza tunakotoka.

"Nyinyi ndio watu wa picha?"

"Ndio sisi," Madam Rahab akasema.

"Nilidhani hilo ni neno la kompyuta la kusema hakuna." Akatuelekeza viti. "Na sikukosea sana, maana sijawahi kupata. Mtu wa shirika aliniambia nisiende tena kule dirishani kwao kuuliza, ratiba yote iko kwenye intaneti. Basi nikaitafuta intaneti."

Madam Rahab akamuuliza anafanyaje bila ratiba.

"Nakisia. Nikikisia vizuri, tunajaza tangi. Nikikosea, kila mama anakuja na mtungi wake, na asiye nao namrudisha. Wiki hii nimemrudisha mmoja akiwa na uchungu. Alijifungulia kwa jirani, kwenye sakafu. Yuko salama. Mtoto ana homa." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akiwa anakunja taulo. "Siwezi kumzalisha mtu kwa mikono mikavu, Madam. Hata mkinionyesha maporomoko."

Tulirudi godauni. Madam Rahab hakuvua koti. Alifungua programu yake na kubadilisha mstari mmoja. Mwanzoni ulisema: ukiona jina la simu ya Mkurugenzi, tuma ukurasa mdogo. Sasa ukasema: ukiona kifaa chochote kidogo, cha zamani, au usichokijua, tuma ukurasa mdogo. Maporomoko yakabaki kwa wenye nguvu ya kuyasubiri.

"Tumwambie meneja?" nikauliza.

"Ana shinikizo la damu," akajibu.

Kesho yake asubuhi ombi la zahanati lilikuja mara moja tu, halikurudiwa. Sista alipata jibu. Baada ya hapo wakaja wengine, wa saiba za Eastleigh, vile vibanda vya intaneti vyenye kompyuta za kuokoteza, wa chuo cha ushonaji, wa shule moja. Watu wakaanza kujua siku yao ni ipi. Sasa hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwa sababu mtu asiyejua siku yake hana la kudai. Maji yalipokosekana Jumanne, watu wa Umoja walikwenda na mitungi mitupu mpaka kwenye ofisi za shirika Jumatano, wakasema jana ilikuwa zamu yetu. Walipoulizwa nani kawaambia, wakajibu: nyinyi.

Tuliitwa tena. Mkurugenzi hakutupa chai.

"Nimefahamishwa kwamba ukurasa wangu unasomwa na watu," alisema.

"Ndiyo, bwana," meneja akajibu kwa furaha, akidhani ni pongezi.

"Watu gani?"

Meneja akanitazama, nami nikamtazama Madam Rahab.

"Wateja wenu," alisema.

"Ule ukurasa ulitengenezwa kwa ajili ya simu yangu. Watu wana ukurasa wao, mzuri, wenye maji. Kuanzia leo ule mdogo uone simu yangu peke yake. La sivyo nitatafuta kampuni nyingine."

Meneja alianza kutokwa na jasho. Sisi tulikuwa wachache pale godauni, na bila mteja yule wengi wetu tungerudi nyumbani. Nilikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba. Nilikuwa tayari kumsikia Madam Rahab akisema sawa, nami nisimlaumu.

"Sawa, bwana," alisema. "Kila atakayejitambulisha kama simu yako ndiye atakayeupata. Wengine hapana."

"Barabara," Mkurugenzi akasema.

Nje, nilimwambia tumemuuza Sista. Madam Rahab alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Musyoka, ulipoomba kazi kwetu uliandika unakaa wapi?"

Nikakohoa. "Donholm." Huo ulikuwa mtaa wa wenye nafuu.

"Na ulikuwa unakaa?"

"Umoja. Lakini ni jirani, Madam. Barabara moja tu katikati."

"Nilijua. Hakuna mtu wa Donholm anayekuja kazini na miguu yenye vumbi kama yako." Akatoa disketi kwenye mkoba; humo alikuwa amenakili jina la simu ya Mkurugenzi. "Kichwa cha ombi huandikwa na anayeomba. Programu kubwa zote zinajiita majina ya wenzao ili zisifungiwe milango. Ile ya Sista ina mahali pa kuandika jina. Yeye ameacha kama lilivyo kwa sababu ni mkweli."

Tukapitia zahanati. Madam Rahab aliketi mbele ya kioo cha kijani, akafungua faili la mipangilio, na kwenye mstari wa jina akaandika jina la simu ya Mkurugenzi pamoja na namba ya toleo, herufi kwa herufi. Akauomba ukurasa. Umoja, Jumanne. Sista aliinama akatazama.

"Kwa hiyo mimi sasa ni nani?"

"Wewe ni simu ya mkubwa."

"Mungu atanisamehe," alisema Sista, kisha baada ya kufikiri: "Hilo jina naweza kuwapa wengine?"

Aliwapa. Sikuwahi kujua ni wangapi. Nilijua tu kwamba asubuhi nikitazama seva, simu ya Mkurugenzi ilikuwa Eastleigh, na Umoja, na Kayole, na shuleni, yote kabla ya saa mbili. Simu yenyewe, kama nilivyomsikia katibu wake akisema, ilikuwa kwenye droo, kwani chaja yake ilikuwa imeungua.

Mwisho wa mwezi meneja wetu aliandaa ripoti ya tovuti kama kawaida, akaipeleka kwa bodi ya shirika. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kusoma vichwa vya maombi, aliandika kilichokuwa wazi mbele yake: kwamba msomaji mkubwa wa ratiba ya maji, kuliko wote, ni Mkurugenzi mwenyewe kwa simu yake.

Mara ya tatu tuliitwa Madam Rahab na mimi tu. Mkurugenzi alifunga mlango mwenyewe. Ripoti ilikuwa mezani.

"Mimi sijafungua kitu hiki tangu siku ya sambusa," alisema. "Nani anatumia jina langu?"

"Watu wanaotaka maji, bwana," Madam Rahab akasema.

Nilikuwa natazama zulia. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kama bado kuna mtu Nairobi mwenye taipureta mbovu. Mkurugenzi aliigeuza ripoti, akaigeuza tena.

"Mwenyekiti wa bodi amenipigia," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Amesema katika miaka yake yote hajaona mkurugenzi anayefuatilia maji ya Eastlands asubuhi kabla ya chai. Amesema anataka kuwaleta wanabodi waone ninavyofanya."

"Tunaweza kuuzima ukurasa leo," Madam Rahab alisema kwa upole. "Halafu ueleze kwamba hukuwa wewe."

Mkurugenzi alimtazama. Nadhani alikuwa anampima kama anamdhihaki. Alikuwa anamdhihaki.

"Usiguswe," alisema.

Basi bodi ikaja, na kwa kuwa Mkurugenzi alishasema anafuatilia, wakataka kuona anakofuatilia. Msafara ulipelekwa Umoja, siku ya Jumanne, na mahali pa kwanza pa kusimama pakawa zahanati. Sisi tulikuwepo kwa ajili ya nyaya. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye fimbo, akamwomba Mkurugenzi awaonyeshe jinsi simu inavyosoma ratiba. Mkurugenzi aliitoa. Chaja ilikuwa imepatikana, lakini mtandao haukupatikana, si mlangoni, si uani, si juu ya kiti alicholetewa na mlinzi.

Sista Wangari alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Tumia yetu, bwana," alisema. "Itakutambua."

Mkurugenzi aliketi mbele ya kioo cha kijani. Akabonyeza pale alipoonyeshwa, ukurasa ukaja bila kusuasua, akawasomea wanabodi: "Umoja, Jumanne."

"Leo," mwenyekiti akasema, ameridhika. "Vizuri. Nioneshe bomba, nioshe mikono, jua ni kali."

Sista akafungua bomba. Likakohoa hewa, likanyamaza. Akalifunga, akainua mtungi mmoja kutoka kwenye mstari, akaanza kummiminia mwenyekiti kwa kikombe. "Haya ni ya mama aliye ndani," alieleza, kama mtu anayetaja jina la mgeni. "Amekuja nayo kutoka kwao. Hajajifungua bado."

Mwenyekiti alivuta mikono yake nyuma, ikiwa na sabuni. Kupitia pazia tulimsikia yule mama akipumua. Mkurugenzi alikuwa bado kwenye kiti, ameshika simu yake, na kwa mara ya kwanza sikumwona akitazama mbali. Alikuwa anautazama mtungi.

"Kuna simu ya waya hapa?" akauliza.

Ilikuwepo, kwenye laini ileile ya kompyuta. Madam Rahab akaichomoa modemu iliyounganisha kompyuta na laini, akamkabidhi simu. Akapiga ofisini kwake, akataja jina la mtu wa vali, yule anayefungulia mitaa maji, akamwambia afungue laini ya Umoja sasa hivi, na kwamba hatakata simu mpaka amsikie anatoka kwenda. Sijui vali hiyo ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya nani siku za Jumanne zilizopita, na nani alipendelewa. Sikuuliza. Tulirudi godauni kabla ya jibu, maana meneja wetu alikuwa ametuagiza tusichelewe.

Kesho yake asubuhi nilitafuta ombi la zahanati kwenye seva. Halikuwepo. Nikasubiri, nikapangusa feni zote, nikatazama tena. Mwishowe nikapiga simu. Ililia sana kabla ya Sista kuipokea, na nyuma yake nilisikia mtoto mchanga, ndoo, na wanawake wakicheka.

"Sista, ni Musyoka wa intaneti. Kompyuta ina shida?"

"Haina," alisema. "Tunafua. Piga kesho."